Diwani Aliyechaguliwa Kutoka Riyadh

Habari ya kifo chake ilinifikia Jumapili asubuhi, nikiwa nafungua ofisi ya mizigo ninakofanya kazi hapa Ruwais, Jeddah. Ilikuja kwa ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mmoja Mkenya anayefanya kazi za ndani mtaa wa Al-Nuzha. Hakuwa analia. Alikuwa anaongea kwa sauti ya chini, kama wanavyoongea wote wanaotumia simu wakiwa jikoni mwa watu, na aliniita mwalimu kama Wakenya wengi wa huku wanavyoniita. "Mwalimu, yule dereva wetu wa Riyadh ametuacha. Wamempata kwa gari." Baadaye nikapata mengine kwa wenzake. Alikuwa ameegesha nje ya duka kubwa, anamsubiri madam na mabinti zake, injini inanguruma ili gari libaki na baridi. Madam alitoka na mifuko yake, akagonga kioo, akadhani mtu amelala, akagonga tena kwa hasira. Hospitalini walisema ni moyo. Mnaonisoma hapa kila mara mnajua kwamba siandiki tanzia, kwa sababu nyingi ninazozisoma zinamsifu maiti kwa mambo ambayo yeye mwenyewe angeyacheka. Lakini huyu nimeshindwa kumpita kimya, na nakiri kwamba ninaandika nikiwa nimekasirika.

Nilimfahamu nikiwa bado Riyadh. Siku za Ijumaa Wakenya wengi hujikuta Al-Dirah, kwenye maduka ya kale, wakitafuta unga wa ugali, kadi za simu na mtu wa kupiga naye porojo. Yeye alikuwa mtu wa Webuye, mrefu, mwenye kicheko kikubwa ambacho kiliwashtua wauzaji, na alikuwa dereva wa nyumbani. Asiyejua kazi hiyo hudhani ni kuendesha gari. Kuendesha ni sehemu ndogo sana. Kazi yenyewe ni kusubiri: nje ya shule, nje ya saluni, nje ya arusi, nje ya nyumba ya shangazi ambaye madam alisema anamsalimia tu. Unasubiri ndani ya gari, huna ruhusa ya kwenda mbali, na hujui kama utaitwa sasa hivi au jua litazama ukiwa pale pale. Wenzake walilala, wakatazama mpira kwenye simu, wakagombana na wake zao kwa video. Yeye alikuwa akiongea na mama yake, kila siku, kuhusu ng'ombe, mvua na ni nani amekufa kijijini. Mama huyo alikuwa amezeeka na macho yake yalikuwa yanafifia, na jambo moja tu ndilo marehemu alilokuwa akilitaka hapa duniani: arudi nyumbani amwone kabla mmoja wao hajaondoka.

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Kwa watu wa kazi za nyumbani, pasipoti hukaa kwa bosi, na bosi ndiye anayeomba kibali cha kutoka nchini. Bosi wake hakuwa katili, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu zaidi, maana katili unaweza kumshtaki, au angalau kumchukia. Huyu alimsalimia vizuri, akampa dawa alipougua, akamnunulia viatu. Ila kila alipoombwa kibali alitabasamu na kusema, "Inshallah, baada ya Idi." Idi ikipita, ilikuwa baada ya mitihani ya watoto. Mitihani ikiisha, ilikuwa baada ya kiangazi, kwa sababu nani angewapeleka watoto matembezini? Hakuwahi kukataa hata siku moja. Ubalozi ulimwambia kwamba maadamu analipwa na hapigwi, arudi azungumze na bosi wake kwa upole. Akaenda akazungumza kwa upole. Miaka ikawa inapita hivyo, na watoto aliowapeleka chekechea sasa walikuwa wanamfundisha yeye njia za mkato.

Sasa, marehemu alikuwa na dada mdogo ambaye ni muuguzi katika jiji moja la Uingereza. Siku moja dada akampigia simu na kumwambia, kama mtu anayetaja jambo la kawaida, kwamba chama fulani cha huko kimemwomba agombee udiwani wa wadi anayoishi. Sheria za kule zinawaruhusu watu wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi pale kupiga kura na hata kugombea. Dada alisema amekubali kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka, na kwamba hana matumaini ya kushinda. Kaka mtu hakusikia hayo ya mwisho. Alisikia neno diwani. Kwetu, ninyi mnajua diwani ni nani: ni mtu mwenye gari kubwa na kijana wa kumfungulia mlango, mtu ambaye chifu anasimama akimwona. Ikiwa diwani wa Webuye anaweza kumtoa mtu selo kwa simu moja, diwani wa Uingereza ataweza nini? Alinipigia siku hiyo hiyo. "Mwalimu, nimepata mtu wa kuongea na huyu mzee," akasema, akimaanisha bosi wake. "Dadangu akiwa mheshimiwa, halas, yamekwisha. Atapiga simu moja tu kwa balozi wao hapa Riyadh. Huyu mzee atanipeleka airport mwenyewe, na bendi." Nilimwambia polepole kwamba sidhani mambo yanaenda hivyo. Akaniambia mimi ni mtu wa kukatisha tamaa, kama gazeti.

Basi akaanza kampeni, na ofisi yake ikawa kiti cha dereva. Ninyi wenyewe mnajua jinsi Wakenya walivyotapakaa. Karibu kila mama anayefanya kazi za ndani hapa ana binamu, shemeji au rafiki wa shule aliyeenda Uingereza kutunza wazee, na jiji lile lilikuwa na wengi wao. Marehemu aliwatafuta mmoja mmoja, akipitia kwa akina mama wa Riyadh na Jeddah. Mama wa Al-Nuzha niliyemtaja alimpa mabinamu zake, na kila binamu akatoa majirani. Watu hao walikuwa wakiishi kule kwa miaka na hawakujua kama wana haki ya kupiga kura. Hakuna aliyewaambia, na wao walidhani siasa za kule ni za wenyewe. Ikabidi waambiwe na dereva aliyeketi kwenye joto la Riyadh nje ya kliniki ya meno. Nilimsikia mwenyewe siku moja nilipokuja Riyadh na kuketi naye garini, akiongea na mhudumu mmoja aliyekuwa ametoka zamu. "Sasa dada, umejisajili? Bado? Yalla, shika kalamu. Na siku ile usiende mikono mitupu, kule wanataka kitambulisho chenye picha. Usiseme umechoka. Mimi nimechoka kukuliko." Alipokata simu nilimkumbusha kwamba ikama yake mwenyewe, kibali cha kukaa nchini, imepitwa na wakati, na bosi hajaihuisha. Akacheka hadi akashika usukani. Alisema anaona raha sana kuwauliza wengine vitambulisho, badala ya kuulizwa yeye.

Akina mama walifanya kazi kubwa kuliko yeye, na sitaki isahaulike. Walikuwa wanapiga simu wakiwa wanapiga pasi, wakiwa wanaosha watoto wa watu, wakiwa wamejifungia bafuni. Hawakufanya hivyo kwa sababu ya mapenzi na wadi wasiyoijua. Marehemu alikuwa amewaahidi, kama wanavyoahidi wanasiasa wote wa kwetu, kwamba diwani akipita atawakumbuka. Huyu madam amemkatalia likizo, yule amenyang'anywa simu, mwingine amemaliza mkataba na haachiliwi. Kila mmoja alipomtafutia diwani kura, alikuwa anajitafutia mlango. Mama wa Al-Nuzha aliniambia wakati huo, "Mwalimu, hata kama atasaidia mmoja tu kati yetu, si ni mmoja?"

Siku ya kupiga kura ilikuta familia ya bosi imekuja Jeddah kwa mapumziko, na marehemu akawa ameegesha si mbali na ofisi yangu. Nilienda kuketi naye baada ya kazi. Mpaka leo nikikumbuka usiku ule nacheka peke yangu. Alikuwa amewapa watu wake wa kule maagizo ya Kikenya kabisa: mtu akishapiga kura asiende nyumbani, abaki pale alinde kura. Basi wahudumu kadhaa wa wazee, wengine wakiwa bado na sare za kazi, wakasimama nje ya ukumbi wa kanisa uliokuwa kituo cha kupigia kura, kwenye mvua, wakiutazama mlango kwa makini. Msimamizi wa kituo, mzee mwenye sweta, alitoka akawauliza kama wamepotea. Wakasema hapana, wanangoja tu. Akawaletea chai. Marehemu alipoambiwa kwa simu habari za chai alipiga kelele ndani ya gari: "Msikunywe! Mwulizeni kwanza ejenti wetu ako wapi!" Kituo kilipofungwa, yule mzee akabeba sanduku la kura mwenyewe, akaliweka kwenye buti la gari lake dogo, akaanza safari ya kwenda kwenye ukumbi wa kuhesabia. Hilo lilimshinda kabisa marehemu. "Mzee mmoja? Hana askari? Kwa gari yake? Mfuateni!" Wakamfuata kweli, gari zima la Wakenya, na walipofika mzee akawapungia mkono na kuwashukuru kwa kumsindikiza.

Dada alishinda. Kwa tofauti ndogo, lakini alishinda, na waliojua mambo ya kule walisema hakuna aliyetarajia watu wengi hivyo katika wadi ambayo watu wake huwa hawajisumbui. Matokeo yalitangazwa Ijumaa mchana. Marehemu aliruka kutoka garini akanikumbatia barabarani, jua linachoma, wavuvi wastaafu wa Ruwais wanatutazama. Akina mama walituma nyimbo, maombi, vigelegele vya kunong'ona. Nilikuwa mtu mzima mwenye mashaka yangu, lakini nawaambia ukweli, kwa muda ule mfupi hata mimi niliamini. Ukikaa muda mrefu mahali ambapo hakuna jambo lako linalosonga, ukaona moja limesonga, unapumbaa.

Kisha akampigia dada yake, akaweka simu kwa sauti ili nisikie. Akaanza, "Mheshimiwa!" Dada akacheka, akamshukuru, akasema hajalala, akalia kidogo. Kaka akamwacha amalize, kisha akaingia kwenye hoja. "Sasa mheshimiwa, Jumatatu ukiingia ofisini, piga simu kwa balozi wenu wa huku. Mwambie una kaka Riyadh na bosi hataki kumwachilia. Na kuna akina mama wengine nitakutumia majina." Dada akasema, "Kaka, wewe unajua kazi yangu ni gani? Ni mapipa. Mapipa ya taka, taa za barabarani na mahali pa kuegesha magari." Kaka akauliza, "Lakini si una ofisi?" "Ofisi ni meza yangu ya jikoni." "Na gari umepewa?" "Ninaenda kwa basi, kaka." "Mlinzi?" Dada akasema tu, "Nilidhani unajua. Nilidhani unanisaidia tu kwa sababu mimi ni dadako." Marehemu akasema, "Ndiyo, ni kwa sababu hiyo," na akampongeza tena, akaaga vizuri. Kisha simu ya madam ikaingia, akawasha gari, akaenda.

Msidhani dada alikaa tu. Alijaribu. Alimwendea mbunge wa jimbo lao, na ofisi ya mbunge ikamwuliza kama huyo kaka ni mkazi wa jimbo lile, au hata wa nchi ile. Alipojibu kwamba si mkazi, mazungumzo yakaishia hapo kwa adabu kubwa. Alipiga simu kwa waheshimiwa wa nyumbani Kenya, akaambiwa suala la Saudia linashughulikiwa na wizara. Wizara ikasema ubalozi. Ubalozi ukasema azungumze na bosi kwa upole. Nikiyafuata maneno hayo yalivyozunguka naona hakuna aliyesema uongo. Kila ofisi ilikuwa na mpaka wake, na marehemu alikuwa amesimama nje ya mipaka yote. Kule Uingereza hakai. Nyumbani hayupo, na uchaguzi uliopita tuliutazama kwenye simu kama mechi, sisi wa huku hatukuwa na mahali pa kupigia kura. Hapa anapokaa hana wa kumchagua. Ni mtu asiye na diwani wake popote. Ninayesema haya ni mimi pia, na ni maelfu ya mnaonisoma kutoka kwenye vyumba vya madereva na vyumba vya juu ya paa.

Akina mama hakuwaambia. Walipouliza alijibu, "Anashughulikia." Wakiuliza tena, "Mambo ya serikali ni polepole, lakini anashughulikia." Nilimwambia aseme ukweli akanikatiza, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia. "Mwalimu, wewe una kisomo. Hawa wana hiki tu. Niwanyang'anye niwape nini?" Kuanzia hapo alibadilika. Kicheko kilibaki, ila alikuwa anakitumia kama mtu anayelipa nauli. Alimwomba bosi kibali mara moja zaidi, akaambiwa baada ya Idi, na aliponisimulia hakuonyesha hasira yoyote, na hilo liliniumiza kuliko kama angetukana. Kwa mama yake aliendelea kupiga simu kila siku. Mama alikuwa ameanza kumchanganya na mumewe aliyefariki zamani, na yeye hakumsahihisha.

Alipokufa, bosi alitoa kibali siku ile ile. Alilia, nimeambiwa, alilia kweli, akashughulikia karatasi zote mwenyewe, akagharimia jeneza na ndege, na aliwasimamia makarani waliotaka kuchelewesha. Basi iliwezekana. Ninaandika hivi ili mjue kwamba iliwezekana muda wote, kwa siku moja, na mtu yule yule. Mama yake bado yuko hai kule Webuye. Wamemwambia mwanawe anakuja, na wanaomtunza hawajui kama ameelewa anakuja vipi.

Dada yake alinipigia kutoka Uingereza, akiwa kwenye kituo cha basi. Aliniambia kwamba wiki ile ile aliyofariki kaka yake mama mmoja mzee wa wadi yake alilalamika taa ya mtaani imezimika, naye akapiga simu moja, na kesho yake taa ikawaka. "Simu moja, mwalimu. Na kwa ajili ya kaka yangu nimepiga simu mwaka mzima." Kisha akasema ameliomba baraza la jiji lisimame kwa dakika moja ya kimya, nao wamekubali. Mikutano yao huonyeshwa mtandaoni, kwa hiyo tuliitazama, mimi ofisini, mama wa Al-Nuzha jikoni kwake, wengine kila mtu mahali alipojificha. Meya mwenye mkufu mkubwa shingoni alisoma jina la marehemu, akalikosea, akarudia, akalikosea tena. Akasema ni ndugu wa mjumbe mwenzao aliyefariki ng'ambo. Wakasimama wote, wa vyama vyote, watu wasiomjua kabisa, wakainamisha vichwa. Kule Riyadh, katika jiji alilokuwa akiendeshea gari, muda huo madereva wengine walikuwa wanapiga honi nyuma ya gari lililochelewa kuondoka kwenye taa. Dakika ikaisha, wakaketi, wakaendelea na suala la ada za kuegesha magari.

Baada ya hapo niliona ni wakati wa kusema ukweli ambao marehemu alikataa kuusema. Nilimpigia mama wa Al-Nuzha, nikamweleza kuhusu mapipa na taa, kwamba hakuna aliyekuwa anashughulikia, na kwamba hata huyo diwani alishindwa kumsaidia kaka yake mwenyewe. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia kwamba binamu yake mmoja sasa anataka kugombea katika jiji jingine la Uingereza, na kama nina namba za Wakenya wa huko nimtumie, aanze kuwapigia. Nikamwuliza kama amesikia niliyomwambia. "Nimesikia, mwalimu. Najua ni mapipa. Lakini si umeona walivyosimama? Siku yangu ikifika, angalau pawe na mahali watu watasimama."

Somo nililolipata ni hili, na silipendi. Mtu asiye na wa kumchagua huanza kwa kuomba msaada. Akikaa sana bila kujibiwa, huishia kuomba aombolezwe, na anafanya kampeni ya hilo kwa bidii ile ile. Mama wa Al-Nuzha nilimtumia namba zote nilizokuwa nazo.